Unauguza, na wewe unaanza kuugua: tafuta chanzo kabla ya kujilaumu

Mama alipopata kiharusi nilikuwa na mgongo mzima, usingizi wa kutosha na subira ambayo watu waliisifu. Kufika mwaka wa pili sikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Kila niliyemweleza alinijibu moja kati ya mawili: "Pole, utalipwa kwa unayoyafanya," au "Lakini na wewe ujitunze." La kwanza nililipokea. La pili lilinikera, kwa sababu aliyelisema hakusema nijitunze saa ngapi, na muda huo nani awe kando ya mgonjwa.

Kilichonisaidia ni kuacha kujiuliza nina kasoro gani, nikaanza kuuliza maswali ya fundi. Mlio unaanza lini? Mashine ikiwa inafanya kazi gani? Ukiizima, unanyamaza? Fundi halaumu pampu kwamba haina moyo. Anatafuta bomba lililoziba. Ndivyo maelezo haya yalivyopangwa. Tafuta dalili inayofanana na yako, soma vyanzo vyake, jaribu kimoja kabla ya kurukia kingine. Nikisema "mgonjwa" nina maana ya yeyote unayemhudumia nyumbani: mzazi, mwenza, mtoto mwenye ulemavu, ndugu mwenye ugonjwa wa akili.

Jambo moja la kuanzia nalo. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani, Richard Schulz na Scott Beach, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka minne wazee wenye umri wa miaka 66 hadi 96 walioishi na wenza wao. Waliokuwa wakiwahudumia wenza wao na kuelemewa walikuwa na hatari ya kufa kubwa kwa asilimia 63 kuliko wenzao wasio na mgonjwa. Waliokuwa wakihudumia bila kuelemewa hawakuonyesha ongezeko hilo. Tofauti hiyo nimeishikilia tangu nilipoisoma. Kinachomaliza watu ni kule kuelemewa, na kuelemewa kuna vyanzo vinavyoweza kutajwa kimoja kimoja.

Kwanza, maswali matatu

Jibu kwa kuandika, usijibu kichwani. Mara ya mwisho kulala usiku mzima bila kuitwa ni lini? Mara ya mwisho mtu mwingine kukaa na mgonjwa kwa saa nne au zaidi ni lini? Mara ya mwisho wewe kuonana na daktari kwa ajili yako, si kwa ajili yake, ni lini? Kama jibu lolote ni "sikumbuki", anza na hilo hata kama dalili iliyokuleta hapa ni nyingine kabisa.

"Nalala, lakini naamka nimechoka"

Hii ndiyo ya kushughulikia kabla ya zote, maana nusu ya zilizo hapo chini zinatoka humu. Mtu mzima anahitaji saa saba za usingizi au zaidi. Ukijumlisha, huenda unazipata, ila zimekatwakatwa kama kitambaa cha fundi nguo, na usingizi wa vipande haupumzishi kama ule wa mfululizo. Tena lipo sikio. Hata usiku ambao mgonjwa hakuita, wewe umelala sikio likiwa wazi.

Usianze na dawa za usingizi. Anza na daftari. Liweke kando ya kitanda na kalamu, na kwa siku tatu andika kila unapoamshwa: saa, na sababu. Ukurasa wangu mmoja ulisomeka hivi:

Saa 6:15 – mkojo.
Saa 7:30 – mkojo.
Saa 8:40 – mkojo.
Saa 10:00 – kaniita, sikuelewa anataka nini.
Saa 10:50 – mkojo.

Kabla ya hapo ningekuambia kwamba mama "hana usingizi". Daftari lilisema ana mkojo. Nikaenda nalo kwa mfamasia. Swali lake la kwanza lilikuwa: dawa ya kupunguza maji unampa saa ngapi? Dozi ya kwanza nilikuwa nampa asubuhi na ya pili saa mbili usiku, kwa kuwa pakiti iliandikwa mara mbili kwa siku nami nikadhani lazima ziwe mwanzo na mwisho wa siku. Alizungumza na daktari, dozi ya pili ikahamia saa nane mchana. Wakanielekeza pia nimwinulie miguu alasiri, kwa sababu maji yaliyojikusanya miguuni mchana hurudi kwenye damu mtu anapolala na figo huanza kuyatoa. Wiki hiyo hiyo nikawa naamshwa mara mbili badala ya tano. Miezi minane nilikuwa nimejiona mvivu.

Usibadilishe saa za dawa bila kuuliza. Ila uliza, na uende na daftari.

Kama daftari lako linasema mambo mengine: maumivu yanayomwamsha yanahitaji dawa iliyopangwa kuwa bado inafanya kazi katikati ya usiku, au kumgeuza kabla hujalala wewe. Anayelala mchana kutwa hatalala usiku, hapo tatizo lako la saa nane za usiku lilianza saa nane za mchana. Mwenye dementia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, anayeanza kuhangaika jua likizama husaidika kwa taa kuwashwa mapema kabla giza halijaingia, na nyumba kutulia. Na mgonjwa aliyekuwa mzima wa akili jana, leo anaweweseka na haelewi alipo, huyo si wa daftari. Mabadiliko ya ghafla ya aina hiyo mara nyingi ni maambukizi, upungufu wa maji, choo kilichofunga au dawa mpya. Mpeleke hospitali.

Kuhusu sikio: mpe kengele ya mkononi, au nunua kile kifaa cha kusikilizia watoto wachanga. Utashangaa. Sikio hukubali kulala likijua kuna kitu kingine kinachosikiliza. Kisha tafuta usiku mmoja katika wiki ambao hulali chumba hicho wala chumba cha jirani. Mimi naona usiku mmoja usiosikia kitu unazidi kusinzia mara sita mchana, na hapo sitabadili kauli.

Kama umeyafanya haya na bado unachoka, chanzo kinaweza kuwa mwilini mwako. Upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, kukoroma kunakokata pumzi: vyote huonekana kama "uchovu wa kuuguza" mpaka vipimwe.

"Mgongo umekatika"

Wataalamu wa usalama kazini Marekani wanapendekeza mtu mmoja asinyanyue kwa mikono uzito wa mgonjwa unaozidi kilo 16, na hapo wanazungumzia hali nzuri: mgonjwa ametulia, nafasi ipo, mzigo uko karibu na mwili. Mguu mmoja tu wa mtu wa kilo 70 una kilo kama 11. Kwa hiyo ukiwa unambeba mtu mzima mzima kutoka kitandani hadi kwenye kiti, umepita kikomo mara nne, na dawa ya kuchua haiwezi kurekebisha hesabu hiyo.

Chanzo karibu kila mara ni kwamba unambeba, wakati unapaswa kumzungusha. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinionyesha kwa dakika kumi jambo ambalo nilikuwa nalikosea kwa mwaka mzima. Mkunje magoti akiwa chali. Weka mkono mmoja nyuma ya bega lake na mwingine kwenye nyonga, mviringishe kuelekea kwako mpaka alale ubavu. Sasa shusha miguu yake yote miwili nje ya ukingo wa kitanda. Miguu inaposhuka, kiwiliwili kinapanda chenyewe kama mizani. Kazi yako ni kusindikiza tu. Mwache apumue dakika moja, kichwa kitulie.

Kumsimamisha: asogee mbele mpaka awe kwenye ukingo, nyayo zake zirudi nyuma chini ya magoti, ainame mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu. Hapo ndipo makalio yanakuwa mepesi. Wengi wetu tunamvuta mtu juu akiwa bado ameegemea nyuma, na hapo ndipo kiuno kinapolia. Asikushike shingoni kamwe. Na kama ana upande uliopooza, usimvute kwa mkono wa upande huo. Bega lililolegea hutoka mahali pake kwa urahisi.

Angalia pia kitanda. Kama unamwosha ukiwa umeinama kwa dakika ishirini, mgongo utauma hata kama hukunyanyua kitu. Kitanda kiinuliwe kwa magogo imara mpaka kifike usawa wa kiuno chako, au upige goti moja juu ya godoro ufanye kazi ukiwa karibu. Ila pima kwanza: kama mgonjwa bado anashuka mwenyewe, kitanda kirefu kitamwangusha.

Kumpandisha juu kitandani alipoteleza kuelekea miguuni ni kazi ya watu wawili na shuka la kumsogezea. Kama uko peke yako, subiri. Dakika kumi za kulala vibaya hazimdhuru kama kukupoteza wewe kwa mwezi.

Ganzi sehemu za siri, mkojo au choo kutoka bila kujijua, mguu kuishiwa nguvu: acha kusoma, nenda hospitali leo.

"Namfokea, halafu naenda kulia bafuni"

Kabla ya kujihukumu, angalia saa. Andika kwa wiki moja kila unapofoka: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa umekula saa ngapi, usiku uliotangulia ulikuwaje. Wengi watakuta hasira yao ina ratiba. Yangu ilikuwa saa moja jioni, wakati wa kumvua nguo, nikiwa sijala tangu asubuhi. Nilihamisha chakula changu kikawa kabla ya kazi ile badala ya baada yake, na nusu ya makelele ikaisha. Linaonekana jambo dogo mno kuandikwa. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuniambia.

Chanzo cha pili ni kuamini kwamba anafanya makusudi. Anauliza "Tunaondoka saa ngapi?" mara ya kumi na nne, na ukali wako unatoka kwenye wazo kwamba amesikia mara kumi na tatu. Hakusikia. Kwa mwenye dementia jibu lilifutika dakika ile ile, kilichobaki ni ile hofu iliyozaa swali. Jibu hofu. "Mama, leo hatuendi popote, nipo hapa nawe," hukaa muda mrefu kuliko "Nimeshakwambia!"

Kipo chanzo cha tatu ambacho watu hawapendi kukisema mbele za watu. Kuna wanaomwogesha mtu aliyewahi kuwapiga, kuwadharau au kuwatelekeza. Mwili wa mgonjwa umekuwa dhaifu lakini kumbukumbu yako haijawa dhaifu, na kila unapoinama juu yake kidonda cha zamani kinaguswa. Hulazimiki kumpenda ili umhudumie vizuri. Unaweza kuchagua kazi: wewe ushike dawa, miadi na malipo, na kumgusa mwili kuachiwe mtu mwingine. Si ubaya, ni mgawanyo wa kazi.

Mkono ukianza kuinuka: hakikisha amekaa salama, reli ya kitanda iko juu, kisha toka chumbani. Funga mlango, hesabu pumzi, kunywa maji, rudi. Ataita, mwache aite dakika tano. Na kama mkono umeshashuka juu yake, au unahofia leo utashuka, mkabidhi mtu mwingine leo hii, hata kama ni jirani, na umwambie mhudumu wa afya ukweli kama ulivyo. Hapo hakuna mbinu ya kujaribu kwanza.

"Sijisikii chochote tena"

Hulii, huudhiki, hucheki. Unambadilisha nepi kama unayekunja nguo. Watu hudhani umezoea.

Yanaweza kuwa mambo mawili yanayofanana kwa nje. La kwanza ni huruma iliyokauka kwa kutumika bila kujazwa. Hii hurudi ukipata mapumziko ya kweli, wakati mwingine baada ya siku mbili tatu tu. La pili ni sonona, na hiyo hairudishwi na mapumziko peke yake. Njia rahisi ya kuanza kutofautisha: jiulize kama katika wiki mbili zilizopita, kwa siku nyingi kuliko siku zisizo hivyo, umekuwa na huzuni au kukata tamaa, au umekosa hamu hata ya vitu ulivyovipenda. Kama jibu ni ndiyo kwa moja kati ya hayo, nenda ukapimwe. Sonona ina tiba, na tiba yake hufanya kazi hata kama mgonjwa wako bado yupo kitandani.

Kuna hali nyingine inayochanganywa nayo, nayo ni msiba usio na kaburi. Mtaalamu wa familia Pauline Boss aliipa jina kwa Kiingereza tangu miaka ya 1970. Kwa lugha yetu naweza kuiita upotevu usio na mpaka. Mtu yupo, anapumua, mkono wake una joto, lakini yule uliyekuwa ukimpigia simu kumwomba ushauri hayupo. Hakuna anayekuja kukupa pole kwa sababu hakuna aliyekufa. Unaanza kumlilia mtu aliye mbele yako, kisha unajionea haya kana kwamba unamtakia kifo. Kuijua kwa jina hakuiondoi, lakini kunakuzuia kuifanyia tiba isiyo yake. Kinachosaidia ni kukubali sentensi mbili kwa pamoja: baba yupo, na baba hayupo. Tafuta mtu mmoja ambaye unaweza kumwambia zote mbili asikukatize.

"Naumwa kila mara"

Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwahudumia ndugu wenye dementia na wengine 13 wa umri na hali kama yao wasio na mgonjwa, wakawatia kila mmoja kidonda kidogo mkononi, cha milimita 3.5, na kusubiri. Vidonda vya wanaohudumia vilichelewa kupona kwa siku tisa hivi. Kwa hiyo, hapana, hujifanyi.

Lakini kabla ya kulaumu msongo wa mawazo, fungua droo ya dawa zako. Mtu anayempa mama vidonge saba kwa saa zake husahau kidonge kimoja chake cha presha kwa miezi mitatu. Weka dawa zako kwenye kisanduku kile kile cha siku, safu yako chini ya safu yake, na meza anapomeza yeye. Miadi yako iombe siku moja na yake kama kliniki inaruhusu.

"Nimemchanganyia dozi"

Ni kosa linalotisha, na kwa kawaida halitokani na uzembe. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hadi 19 hufanya vibaya kwenye vipimo vya umakini sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu mtu kuendesha gari. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri na kumpa dawa ya mwisho saa tano usiku, hesabu mwenyewe.

Usitegemee kukumbuka. Karatasi moja: dawa, saa, kisanduku cha kuweka alama ya vema. Alama iwekwe baada ya kumeza, si wakati wa kumimina. Na mwulize daktari kama dozi ya usiku wa manane inaweza kusogezwa. Mara nyingi ilipangwa na mtu asiyejua kwamba wewe ndiye kengele. Kama umeshakosea, piga simu kituo cha afya wakati huo huo na utaje jina la dawa na kiasi. Usimpe nyingine "kufidia".

"Ndugu wameniachia"

Wapo ndugu wasiojali, sikatai. Lakini kabla hujafikia uamuzi huo, kagua ombi lenyewe, kwa sababu ombi bovu huzaa jibu bovu hata kwa ndugu mwema. "Mnisaidie jamani, nimechoka" ni malalamiko. Anayesikia anajibu "pole dada", na kwa upande wake amekwisha kukusaidia. Ombi lina siku, saa, kazi na jina.

Nilipolibadilisha, mazungumzo na kaka yangu yalikwenda hivi:

"Kaka, Jumamosi nataka ukae na mama kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni."

"Dada, mimi hata kumgeuza sijui."

"Najua. Njoo Ijumaa jioni nikuonyeshe mara mbili, halafu unanigeuza mimi."

"Nikikosea?"

"Utakosea. Hata mimi nilikosea."

Kimya. "Na chooni je?"

Hapo ndipo lilipokuwa. Miaka miwili niliamini kaka yangu ni mbinafsi, kumbe alikuwa anaona haya kumwona mama yake uchi. Tukakubaliana kwamba Jumamosi jirani mwanamke atakuja saa sita kwa ajili ya kazi hiyo moja, na mengine yote ni yake. Alikuja. Alikosea pia, alimlaza upande ule ule saa nne nzima. Nilimeza maneno yangu, kwa sababu nilishajua chanzo cha pili cha kuachiwa: ukimsahihisha msaidizi kila kidole anachoweka, hatarudi, na hutakuwa na wa kumlaumu. Mambo ya usalama sahihisha. Mambo ya mtindo yaache. Upande wa kulala ni usalama, nikamwandikia ukutani. Rangi ya shuka haikunihusu.

Ndugu aliye mbali naye ana kazi. Apige simu kwa mgonjwa kila siku saa moja jioni kwa nusu saa, muda ambao wewe unaoga. Afuatilie miadi na bima. Alipie mtu wa kufua. Mweleze gharama za mwezi kwa maandishi, si kwa mafumbo. Na akikataa yote, amekataa kwa maneno. Sasa unajua, unaweza kutafuta mkono mahali pengine badala ya kuendelea kungoja barazani.

"Nikitoka najihisi mwizi"

Hii haina ufundi mwingi. Hatia ya kutoka haiishi kwanza ndipo utoke; unatoka nayo, na hupungua kwa kurudi na kukuta mtu yuko hai. Anza na nusu saa. Ongeza. Usipige simu nyumbani zaidi ya mara moja. Na usitumie muda huo kununua dawa zake.

"Glasi moja ili nilale"

Au kidonge chake kimoja kutoka kwenye pakiti yake. Pombe husinzisha haraka na kuvunja usingizi katikati ya usiku, nawe tayari una usingizi uliovunjika. Dawa ya mtu mwingine hujui itafanya nini mwilini mwako, na usiku huo ukiitwa hutasikia. Kama imekuwa kila siku, mwambie daktari kwa idadi kamili. Rudi kwenye daftari la usingizi.

Usichunguze, nenda

Maumivu ya kifua yanayobana au kusambaa mkononi au kwenye taya. Kupumua kwa shida ukiwa umekaa. Uso kupinda upande mmoja, mkono kuanguka, maneno kukwama. Uzito kushuka bila kujua sababu. Mawazo ya kujiua, au ya kwamba nyote wawili mngekuwa heri mkifa pamoja. Hili la mwisho watu hulificha kwa sababu linafanana na upendo. Lisemwe leo, kwa mtu, kwa sauti.

Kama umejaribu na bado

Inawezekana mzigo wenyewe umezidi mtu mmoja, hata ukiwa umepangwa vizuri. Kuna kipimo cha kuonyesha hilo. Steven Zarit na wenzake walikitengeneza mwaka 1980. Toleo linalotumika sana lina maswali 22, kila moja huanzia 0 hadi 4, jumla ya juu ikiwa 88. Mwombe mhudumu wa afya akupatie, jaza leo, jaza tena baada ya mwezi. Namba iliyopanda huzungumza na daktari, na hata na ndugu, vizuri kuliko machozi. Kwa wanaohudumia watu wenye dementia, Shirika la Afya Duniani lina mafunzo yaitwayo iSupport, yenye masomo na mazoezi ya mtu kujisomea kwa wakati wake.

Namba isiposhuka, kinachobadilishwa si wewe tena, ni mpango: mtu wa kulipwa kwa saa kadhaa, kituo cha mchana, mgonjwa kuhamia kwa ndugu mwingine kwa miezi mitatu, au makao ya uangalizi kama yapo na mnayamudu. Mpango huo mpya utakwama mahali pale pale kila mara: mpokeaji hajui chochote, kwa sababu yote yako kichwani mwako. Basi andika ukurasa mmoja usiku huu. Anaitikia jina gani. Anameza vidonge kwa maji au kwa uji mzito. Upande gani haulaliwi, na saa ya kumgeuza. Kinachomtisha. Kinachomtuliza. Namba tatu za simu, yako ikiwa ya mwisho. Ubandike ukutani kando ya kitanda, na kalamu uifunge kwa uzi, maana wa kwanza atakayekuja ataongeza kitu ambacho hukukijua.